Mlango Ukivuja, Kagua na Njia: Tunavyopima Mishipa ya Damu ya Mbwa Mwenye Ugonjwa wa Vali ya Moyo

Kwetu Nyakisasa, wilayani Ngara, mbwa ni mlinzi. Anachunga mbuzi, anafukuza nyani shambani, anabweka usiku mtu akipita karibu na migomba. Ndiyo maana mjomba aliporudi kutoka Mwanza na kijibwa kifupi chenye manyoya ya kusokotana, watu walicheka. Huyu atamfukuza nani? Tulimwita Popi. Alikaa nasi miaka mingi kuliko mbwa yeyote tuliyewahi kufuga.

Uzeeni Popi alianza kukohoa, hasa usiku. Jirani alisema amekwamwa na mfupa. Baadaye akawa hawezi kupanda kilima kutoka kisimani bila kusimama mara mbili tatu. Usiku wake wa mwisho hakulala kabisa. Aliketi, shingo ameinyoosha, viwiko amevitanua nje, anahema kama ametoka mbioni. Mama alimpa maziwa, kwa sababu sote tuliamini amelishwa sumu. Kabla ya alfajiri akafa, na kwa muda mrefu tulimtazama vibaya mtu mmoja wa jirani ambaye pengine hakuwa na kosa lolote.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwanafunzi, niliweka stetoskopu kwenye ubavu wa kushoto wa mbwa mzee mdogo. Badala ya "dub-dab" niliyoizoea, nikasikia "dub-shhh-dab". Nilipomtazama alivyokaa, shingo mbele na viwiko nje, nikamkumbuka Popi. Siwezi kumpima tena. Lakini naweza kukueleza ile "shhh" ni nini, kwa nini kuisikia tu hakutoshi, na kwa nini watafiti wanaohangaika na moyo wa mbwa wanatumia muda mwingi kutazama kitu kilicho mbali na moyo: mshipa wa damu ulio kwenye mguu wa mbele.

Kwanza, mlango

Moyo wa mbwa umejengwa kama wako. Una vyumba vinne, na una vali nne ambazo kazi yake ni moja tu: damu ipite mbele, isirudi nyuma. Vali inayotuhusu leo inaitwa mitrali. Ipo upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka kwenye mapafu na chumba cha chini kinachoisukuma damu hiyo mwili mzima. Ina vipande viwili vyembamba vinavyofunga na kufungua kila pigo, na kila kipande kimeshikiliwa na nyuzi ili kisipinduke.

Kwa mbwa wadogo wa mwili wanaozeeka, vipande hivyo huanza kunenepa na kuwa na vinundu. Nyuzi zinarefuka, nyingine zinakatika. Mlango ukishakuwa hivyo haufungi sawasawa tena, na kila chumba cha chini kinapokaza, sehemu ya damu inarudi juu. Ile "shhh" ni mlio wa damu inayopita kwa kasi kwenye upenyo ambao haukupaswa kuwepo.

Huu ndio ugonjwa wa moyo unaowapata mbwa wengi zaidi. Nchini Marekani unakadiriwa kuchangia karibu asilimia 75 ya magonjwa yote ya moyo kwa mbwa. Aina moja ya mbwa, Cavalier King Charles Spaniel, inasumbuliwa nao kuliko nyingine zote. Wengi wao huwa na mlio huo kabla hata ya kufikisha miaka 10. Ndiyo sababu ukisoma tafiti za vali za mbwa utawakuta Cavalier kila mahali.

Sasa swali: kama mlango ndio mbovu, kwa nini tusihangaike na mlango peke yake?

Jaribu hili nyumbani

Chukua chupa ya plastiki ya maji, ile ya nusu lita. Toboa tundu dogo ubavuni kwa msumari. Ijaze maji, uilaze juu ya beseni bila kifuniko, kisha uiminye. Maji mengi yatatoka mdomoni, na machache yatatoka kwenye tundu.

Jaza tena. Safari hii ziba mdomo kwa kidole gumba, uache upenyo mdogo tu, kisha minya kama mwanzo. Umeona? Tundu ni lile lile, hukulipanua hata kidogo, lakini maji yanaruka kutoka kwenye tundu kwa nguvu zaidi.

Chupa hiyo ndiyo moyo wa mbwa mwenye vali inayovuja. Tundu ni vali mbovu, na mdomo ni njia ya kwenda mwilini, yaani mishipa ya damu inayobeba damu kutoka moyoni, ambayo huitwa ateri. Ateri zikibana, damu haitoki kirahisi kwenda mbele, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi inarudi nyuma. Zikilegea, damu inapata nafasi mbele na uvujaji unapungua. Kwa maneno mengine, ukubwa wa uvujaji hauamuliwi na vali peke yake. Mishipa nayo ina kura.

Na hapa ndipo mwili unapojikosea wenyewe. Figo haina habari kwamba kuna vali inavuja. Inachojua ni kwamba damu inayoifikia imepungua. Kwa mamilioni ya miaka, damu kupungua kulimaanisha jambo moja: mnyama ameumia, anatoka damu. Basi figo inafanya kile ambacho kingemwokoa mnyama aliyejeruhiwa. Inatoa kemikali iitwayo renini, ambayo mwisho wake hutengeneza angiotensini. Mishipa inabana, chumvi na maji yanazuiwa yasitoke, na neva zinauamuru moyo uende mbio.

Kwa mbwa aliyekatwa na panga, huo ni wokovu. Kwa mbwa mwenye vali inayovuja, ni kidole gumba kwenye mdomo wa chupa. Uvujaji unaongezeka, damu inayofika kwenye figo inapungua tena, na figo inakaza zaidi. Maji yaliyozuiwa yanajaa, shinikizo linarudi hadi kwenye mapafu, na mapafu yanaanza kulowa. Hapo ndipo mnyama anashindwa kulala.

Mishipa si mabomba

Shuleni wengi tulifundishwa mishipa ya damu kama mabomba: damu inapita, basi. Ukweli ni kwamba mshipa unajipima na kujirekebisha kila sekunde, na anayefanya kazi hiyo ni utando wa ndani kabisa uitwao endotheli. Unene wake ni seli moja tu. Utando huohuo haukomei kwenye mishipa. Unapita ndani ya moyo na kuzifunika hata vali zenyewe. Fikiria nyumba ambayo mlango, ukuta na korido vyote vimepigwa koti moja la rangi. Ndiyo maana watafiti wa vali walianza kujiuliza kama shida ya mlangoni inaweza kuonekana kwenye korido pia.

Kwa muda mrefu utando huu ulidhaniwa kuwa ni kizuizi tu, kama karatasi ya kufungia nyama. Aliyebadilisha mawazo hayo ni Robert Furchgott wa Marekani, na ilianza na jambo lililoonekana kama kosa la maabara. Alikuwa akijaribu vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo katika majaribio yake ya awali ilibana mshipa, safari hii ikaulegeza. Alipofuatilia aligundua kwamba tofauti ilikuwa kwenye namna kipande kilivyoandaliwa. Vipande vilivyosuguliwa upande wa ndani vilikuwa vimepoteza utando, navyo vilibana. Vilivyobaki na utando wao vililegea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1980, na ujumbe wake ulikuwa mzito: utando huo hutoa kitu kinachouamuru msuli wa mshipa ulegee.

Ilichukua miaka kadhaa kukitambua kitu hicho. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba ni nitriki oksaidi, gesi sahili ya atomu mbili. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa baruti ya dinamiti inayotengenezwa kwa nitrogliserini, alipougua moyo aliandikiwa na madaktari hiyo hiyo nitrogliserini. Inafanya kazi kwa sababu mwilini inaleta nitriki oksaidi.

Endotheli hutoa gesi hii hasa inapoguswa na mkondo wa damu. Damu ikipita kwa kasi, inausugua utando. Utando unahisi msuguano, unatoa nitriki oksaidi, msuli unaozunguka mshipa unalegea na mshipa unapanuka. Mshipa wenye afya unaona wageni wengi wanakuja na unafungua mlango wa pili. Mshipa ulioharibika unawaona wageni, lakini haufungui.

Tukipata namna ya kuleta "wageni wengi" kwa makusudi kisha tukatazama mshipa unafanya nini, tumepata kipimo.

Mkanda, jeli na dakika tano

Njia yenyewe ilianzia kwa binadamu. Mwaka 1992 David Celermajer na wenzake walionyesha kwamba unaweza kupima uwezo wa endotheli kwa ultrasaundi na mkanda wa presha tu, bila sindano. Baadaye watafiti wa mifugo wakaihamishia kwa mbwa. Inaenda hivi.

Mbwa analazwa ubavu, taratibu, mwenye mbwa akiwa karibu. Nywele za upande wa ndani wa mguu wa mbele zinanyolewa kidogo na kupakwa jeli. Kichwa cha ultrasaundi kinawekwa juu ya ateri ya mguu, nawe unasubiri picha itulie: mistari miwili myeupe inayolingana, katikati yake giza. Lile giza ndilo damu, na umbali kati ya mistari ndio kipenyo cha mshipa. Unakipima na kukiandika.

Kisha mkanda wa presha unafungwa kwenye mguu huohuo na kujazwa upepo hadi shinikizo lizidi lile la damu. Damu inasimama. Unasubiri dakika 5. Wewe mwenyewe unalijua hili. Ukiukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukisimama damu inarudi kwa fujo. Sehemu ya mguu iliyokosa damu imelegeza vijishipa vyake vyote kwa kiu, kwa hiyo mkanda ukifunguliwa mkondo mkubwa unapita kwa ghafla kwenye ateri. Hao ndio wageni wengi.

Sasa unakodoa macho. Katika dakika moja hadi tatu zinazofuata unapima kipenyo tena na tena, na kuchukua kile kikubwa zaidi. Hesabu yake ni ya darasa la saba. Tuseme mwanzo kipenyo kilikuwa milimita 2.00 na baada ya kufungua mkanda kikafika 2.16. Ongezeko ni 0.16. Gawa kwa 2.00, zidisha kwa 100, unapata asilimia 8. Mbwa mwingine anatoka 2.00 hadi 2.04. Huyo ni asilimia 2. Mshipa wake umewaona wageni na haujafungua.

Kipimo kizima hakimtoi mbwa hata tone la damu, na hakuna dawa ya usingizi. Mkanda unakera, ndiyo, lakini ukifunguliwa yamekwisha.

Mbona basi hakifanywi kila mahali?

Tazama tena namba zile. Tofauti kati ya mbwa wa asilimia 8 na wa asilimia 2 ni milimita 0.12, pungufu ya theluthi moja ya unene wa waya wa nusu milimita. Mkono wa mpimaji ukitetemeka, au akiweka alama ya kipimo kidogo nje ya mstari, anaweza kumgeuza mbwa mzima kuwa mgonjwa na mgonjwa kuwa mzima. Ndiyo maana picha hurekodiwa, na kwenye utafiti makini anayepima picha haambiwi mbwa huyu ni nani wala hali yake ikoje. Macho yetu huona kile tunachotarajia kukiona.

Halafu kuna mbwa mwenyewe. Mbwa aliyeogopa anamwaga adrenalini, na adrenalini inagusa mishipa kabla hata hujaanza. Mbwa aliyetoka kukimbia, aliyekula muda si mrefu, au aliye kwenye chumba chenye baridi atatoa jibu tofauti na lile la jana. Kwa hiyo unapima saa ileile, chumba kilekile, tumbo likiwa tupu, na unampa muda wa kuzoea. Mara nyingine unatumia asubuhi nzima kumzoesha mbwa kulala ubavu, na kipimo chenyewe hakifiki robo saa.

Na kuna ukubwa wa mwili. Mshipa mwembamba hupanuka kwa asilimia kubwa kuliko mshipa mpana, kwa mbwa na kwa watu pia. Ukilinganisha mbwa wa kilo 8 na wa kilo 30 bila kuzingatia uzito, utadhani umegundua ugonjwa kumbe umegundua mizani.

Kuna wanaopendekeza kupima damu badala yake, kutafuta mabaki ya nitriki oksaidi. Wazo ni zuri, lakini lina mtego wake. Nitriki oksaidi haikai. Inageuka haraka kuwa naitraiti na naitreti, na naitreti zinapatikana pia kwenye chakula, hasa mboga za majani kama mchicha. Usipojua mbwa kala nini jana, hujui unachokipima ni mshipa wake au sufuria ya nyumbani kwake. Ndiyo sababu mkanda na ultrasaundi, pamoja na tabu zake, bado vina nafasi. Ila nafasi hiyo ni maabara ya utafiti. Kwenye kliniki ya kawaida daktari anategemea stetoskopu, eksirei ya kifua, kipimo cha presha na eko ya moyo.

Mishipa ilijibu nini

Watafiti wa Ulaya walipowapima Cavalier wenye viwango tofauti vya uvujaji, picha iliyojitokeza ni hii: uvujaji unavyokuwa mkubwa, ndivyo mshipa wa mguu unavyojibu kwa unyonge. Mlango mbovu upo moyoni, lakini alama yake inasomeka hadi mguuni.

Tuwe waangalifu hapo. Vitu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimemzaa mwenzake. Mshipa mnyonge unaweza kuwa matokeo ya moyo uliochoka, kwa sababu mkondo ukipungua na angiotensini ikijaa, endotheli inaumia. Lakini ukikumbuka chupa yetu, utaona kwamba hata kama mshipa hakuwa mwanzilishi wa fujo, akishaingia anaiongeza. Mshipa usiolegea ni kidole gumba mdomoni mwa chupa.

Labda unajiuliza kwa nini usipimwe kwa watu tu. Hapa mbwa ana faida ambayo watu wengi hawaijui. Kwa binadamu, endotheli inaharibiwa na mambo mengi kwa pamoja: sigara, kisukari, mafuta yanayoganda kwenye kuta za ateri. Ukimkuta mzee mwenye vali inayovuja na mishipa minyonge, utamlaumu nani? Mbwa havuti sigara, na ni nadra sana ateri zake kuziba kwa mafuta kama za kwetu. Ugonjwa wa vali nao umempata kwa njia ya kawaida, akiwa anaishi nyumbani. Hakuna aliyempasua ili auguzwe. Kwa hiyo ukiuona mshipa wake umedhoofika, watuhumiwa ni wachache, na unaweza kumsogelea mmoja mmoja.

Faida imerudi kwa mbwa pia. Kuna dawa iitwayo pimobendani, ambayo inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaupa moyo nguvu ya kukaza na inalegeza mishipa. Yaani inaminya chupa vizuri na kuondoa kidole mdomoni. Utafiti uitwao EPIC, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia mbwa 360 kutoka nchi 11 ambao moyo wao ulikuwa umeshatanuka lakini hawajaonyesha dalili. Kwa nusu ya mbwa waliopewa dawa hiyo, siku 1,228 au zaidi zilipita kabla ya moyo kushindwa au mbwa kufa kwa ugonjwa huo. Kwa waliopewa dawa bandia ilikuwa siku 766. Tofauti ni kama miezi 15. Kwa mnyama anayeishi miaka 12 hivi, miezi 15 ni kipande kikubwa cha maisha.

Angalia lakini nani alinufaika: waliogunduliwa kabla ya kuanza kuhema.

Turudi Nyakisasa

Najua unachofikiria. Ngara hakuna mtu wa kufunga mkanda kwenye mguu wa mbwa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mahali ambapo madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii wamesomea, ipo Morogoro, upande wa pili wa nchi. Na mbwa wetu wa kienyeji si Cavalier. Wengi hawafikii umri wa vali kuchakaa. Kichaa cha mbwa, magari na njaa huwawahi.

Tena, kwetu si kila "shhh" ni vali. Damu ikiwa nyepesi kwa upungufu, inapita kwa kasi na inaweza kutoa mlio kwenye moyo wenye vali nzima kabisa. Na sababu za kupungukiwa damu tunazo tele: kupe, minyoo ya safura, na huko porini upande wa Biharamulo, ndorobo wanaobeba vimelea vya nagana, ambavyo humuua mbwa vibaya sana. Kuna pia mnyoo uitwao Spirocerca lupi, ambao mbwa huupata kwa kula mende wa kinyesi. Viluwiluwi vyake husafiri ndani ya ukuta wa mshipa mkuu wa damu na kuuachia makovu. Huo nao ni ugonjwa wa mishipa, tena usiohitaji vali mbovu kuanza. Kwa hiyo daktari wa mifugo akisikia mlio, kwanza atatazama ufizi kama umepauka.

Hata hivyo kuna kipimo kimoja unachoweza kufanya leo bila kumiliki chochote zaidi ya saa ya simu. Mbwa wako akiwa amelala fofofo, si kwenye jua kali wala baada ya mbio, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Mbwa mzima aliyelala huwa chini ya 30 kwa dakika. Mbwa mzee anayekohoa, ukimhesabu siku mbili tatu ukakuta imevuka 30 kila mara na inaendelea kupanda, huenda mapafu yake yameanza kuingia maji. Usimpe maziwa, na usimpe dawa ya binadamu iliyobaki kabatini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na umpe zile namba ulizoandika. Dawa za kutoa maji kwenye mapafu zipo na si ngeni kwa madaktari wa mifugo.

Na kwa kuwa tumezungumza vali, siwezi kumalizia bila kukutajia watoto. Mbwa hapati homa ya baridi yabisi ya moyo, lakini watoto wetu wanaipata. Inaanza na koo kuuma kwa sababu ya bakteria. Koo linapona, lakini kinga ya mwili, ikiwa imechanganyikiwa, inageuka na kushambulia vali, na inayoumia zaidi ni hiyohiyo mitrali. Mtoto anaweza kukaa miaka bila dalili, kisha akaanza kuchoka akipanda kilima na kukohoa usiku. Wanaofika Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mara nyingi wanafika vali ikiwa imeshaharibika na upasuaji ndio uliobaki. Koo hilo likitibiwa kwa penisilini mapema, safari hiyo ndefu inaweza isihitajike kabisa.

Somo ni lilelile kwa mtoto na kwa mbwa. Dalili tunayoiona mwishoni, yaani kuhema, ni mapafu yanalia kwa niaba ya moyo. Kabla yake kuna kipindi kirefu cha kimya, ambapo vali inavuja kidogo na mishipa inaanza kukaza. Watafiti wanaong'ang'ania milimita 0.12 kwenye mguu wa mbwa wanajaribu kukisikia kimya hicho.

Mama bado ana mbwa nyumbani, wa kienyeji, mrefu, mwenye kelele. Mwezi uliopita nilimpigia simu nikamwomba amhesabu akiwa amelala. Alicheka sana, akasema masomo yamenichanganya. Jioni akanitumia ujumbe wenye namba moja tu: 18.